Na Wale Wasiopona, Wako Wapi?

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita. Yanachapwa hapa kwa ajili ya wale walioyakosa.)

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata haya gazetini, mjini kwetu kuna neno moja lenye nguvu kuliko mhuri wa ofisi yoyote. Neno hilo ni ushuhuda. Mtu akisimama mbele za watu akasema, "Mimi nilikuwa naumwa, nimetumia kitu fulani, leo ni mzima," basi mjadala umekwisha. Atakayeuliza swali baada ya hapo ataonekana mkorofi, au mtu asiye na imani, au msomi anayejidai. Leo naomba ruhusa niwe mkorofi kidogo. Nataka tuutazame huo ushuhuda, tuone unaweza kubeba mzigo gani na upi hauwezi, kwa sababu wapo watu waliouamini peke yake wakaacha dawa zilizokuwa zinawaweka hai.

Nitachukua mfano ambao watu wazima wengi nchini wanaukumbuka. Mwanzoni mwa mwaka 2011, kijiji cha Samunge, huko Loliondo katika wilaya ya Ngorongoro, kiligeuka kuwa mji. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, marehemu Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu, alikuwa akiwanywesha watu kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na mti unaoitwa mugariga. Bei ilikuwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa hiyo katika ndoto, na kwamba inatibu magonjwa sugu: UKIMWI, kisukari, shinikizo la damu, saratani, pumu, kifafa. Watu wakaenda. Wakaenda kwa mabasi, kwa malori, kwa magari ya serikali, na wenye nazo wakaenda kwa helikopta. Walitoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na mbali zaidi. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilomita na watu walilala njiani siku kadhaa, hakuna vyoo, hakuna maji, na wagonjwa wengine wametolewa vitandani hospitalini na ndugu zao. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huo vyombo vya habari viliripoti kwamba watu 52 walikuwa wamekufa wakisubiri zamu yao.

Niseme mapema, ili nisieleweke vibaya. Sikusudii kumtukana mzee yule aliyefariki Julai 2021. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Kwa yote niliyoyasoma na kuyasikia, yaelekea aliamini alichokisema. Lakini hili nalo ni jambo la kulitia akilini: mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa, mcha Mungu, asiye na tamaa, na bado akawa amekosea. Sisi Waswahili tuna kawaida ya kupima neno kwa kumpima msemaji. Tukimwona ni mtu mzuri, tunameza. Tukimwona ana sura ya ujanja, tunatema. Kumbe neno lina mizani yake, na msemaji ana mizani yake.

Sasa turudi kwenye ushuhuda. Mwalimu mmoja aliyenifundisha nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari alikuwa na maswali mawili aliyoyaandika juu kabisa ya ubao kila asubuhi: "Nani kasema? Kajuaje?" Hilo la pili ndilo linalotushinda. Kule Samunge, waliohojiwa na waandishi walikuwa watu waliotoka kunywa dakika chache zilizopita, au waliorudi kusema wanajisikia nafuu. Mtu ametoka kunywa kikombe, ameshikiwa kipaza sauti, anaulizwa, "Unajisikiaje?" Anajibu, "Najisikia mwepesi, Bwana asifiwe." Mtu huyo hadanganyi. Amesafiri siku nne kwa matumaini, ametimiza alilolifuata, kwa nini asijisikie mwepesi? Ila kajuaje kwamba sukari imetoka mwilini?

Hebu tufanye hesabu ya kubuni, hesabu ya sokoni tu. Tuseme watu 100 wenye maumivu ya mgongo wanapanda basi kwenda kunywa dawa fulani. Na tuseme kwamba migongo ilivyo, 60 kati yao wangepata nafuu ndani ya mwezi mmoja hata kama wangebaki nyumbani wakila ugali. Sasa wamekwenda, wamekunywa, mwezi umepita, 60 wana nafuu. Hao 60 watasema nini? Watasema dawa imewaponya. Kila mmoja atawaambia watu 10, msikitini, kanisani, saluni, kwenye daladala. Watu 600 wamepata ushuhuda, tena kutoka kwa mtu wanayemfahamu. Wale 40 ambao mgongo unauma vilevile watafanya nini? Watanyamaza. Wengine wanaona haya kwa nauli waliyoitupa, wengine wanaogopa kuambiwa hawakuwa na imani, na wengine wanangoja kwa sababu wameambiwa dawa hufanya kazi polepole. Na kama ugonjwa ulikuwa mkubwa zaidi ya mgongo, wapo ambao wamekwisha zikwa, na maiti haitoi ushuhuda.

Umeona hapo, msikilizaji? Hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Kila shahidi kasema kweli tupu, na jumla ya kweli zao imetoka uongo. Dawa katika hesabu yangu haikufanya kazi yoyote, lakini ina mashahidi 60 na haina mpinzani hata mmoja.

Ndiyo maana ukiletewa ushuhuda swali la kuuliza si "Je, huyu anasema kweli?" Swali ni: waliotumia wakapona ni wangapi, waliotumia wasipone ni wangapi, na wale ambao hawakutumia kabisa, waliopona ni wangapi na wasiopona ni wangapi? Ni mafungu manne. Ushuhuda hutuletea fungu moja tu, kisha tunaambiwa hiyo ndiyo mizani yote.

Isitoshe, magonjwa mengi yana tabia ya kupanda na kushuka. Pumu hubana ikaachia. Vidonda vya tumbo huuma wiki mbili vikatulia. Presha ya mtu yuleyule ikipimwa asubuhi, mchana na usiku haitoi namba moja. Sasa jiulize, mtu huenda lini kutafuta dawa ya mbali? Haendi siku aliyo na nafuu. Huenda siku hali imekuwa mbaya kuliko kawaida, amekata tamaa. Na hali iliyo mbaya kuliko kawaida, mara nyingi kinachofuata ni kurudi kwenye kawaida. Kwa hiyo chochote atakachokitumia siku ile, kiwe kikombe, kiwe hirizi, kiwe kidonge cha hospitali, kitapata sifa ya kushuka kwa ugonjwa ambao ulikuwa unaelekea kushuka wenyewe.

Halafu kuna magonjwa yasiyo na sauti. Hapa ndipo panaponitisha hasa. Mgonjwa wa shinikizo la damu anaweza kukaa miaka asisikie lolote mpaka siku anapoanguka bafuni upande mmoja umepooza. Kisukari kinaweza kula figo na macho taratibu huku mtu anacheka. Mwenye virusi vya UKIMWI anaweza kuwa na afya ya kuonekana kwa miaka mingi. Kumwuliza mtu mwenye ugonjwa wa namna hii kama anajisikia amepona ni sawa na kumwuliza abiria aliyelala kama breki za basi ni nzima.

Baada ya kugusia jambo hili wiki mbili zilizopita nilipata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Temeke. Ameandika kwa hasira lakini kwa adabu, nami namshukuru. Anasema: "Kaka mtangazaji, mama yangu mzazi alikwenda Samunge mwaka 2011 akiwa na presha na sukari, na mpaka leo yu hai. Wewe uliyekaa studioni unajua nini?" Dada yangu, nafurahi kwa moyo wote kwamba mama yupo, na nampa shikamoo yake. Ila katika barua yako hiyohiyo, ukurasa wa pili, umeniandikia kwamba mama anahudhuria kliniki kila mwezi na kwamba wewe ndiye unayemkumbusha vidonge vyake asubuhi na jioni. Sasa tuwe waungwana. Miaka yote hiyo vidonge vimemezwa kila siku, kikombe kimenywewa mara moja, na shukrani zote zimekwenda kwenye kikombe. Vidonge navyo vingekuwa na mdomo vingeandika barua.

Na umeniambia pia kwamba katika gari walilokwenda nalo walikuwa 28. Ningependa kujua habari za wale 27. Siulizi kwa kebehi. Ukiwafuata mmoja mmoja, ukaandika waliokuwa wanaumwa nini, waliacha dawa au hawakuacha, na kadi zao za kliniki zinasema nini, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko vipindi vingi vya redio vya mwaka ule.

Habari ya UKIMWI inahitaji maelezo ya pekee, maana hapo ndipo ushuhuda ulipokuwa mtamu na wa hatari kuliko pote. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali zetu. Mtu akizimeza sawasawa kwa miezi kadhaa, virusi katika damu yake hupungua mpaka kipimo cha kuhesabu virusi hakivioni. Daktari au muuguzi humwambia, "Virusi havionekani." Hiyo ni habari njema sana. Lakini havionekani si kwamba havipo. Vimejificha ndani ya mwili, na mtu akiacha dawa, kwa kawaida vinarudi katika damu ndani ya wiki chache tu. Sasa chukua mtu aliyekuwa anameza dawa kwa uaminifu, akaenda kunywa kikombe, akarudi kupimwa, akaambiwa virusi havionekani. Huyo atapiga vigelegele mpaka kijiji cha pili, na atakuwa ameshika karatasi ya hospitali mkononi! Nani atabishana na karatasi? Halafu ataacha dawa. Ndicho kilichowatia wasiwasi wahudumu wa kliniki mwaka ule, wagonjwa kuacha dawa kwa kuamini wamekwisha pona. Na kwa mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa sindano za insulini mambo ni ya haraka zaidi. Akiziacha anaweza kufa ndani ya siku chache.

Jambo jingine la mwaka ule ni lile la "serikali imethibitisha". Wataalamu waliitazama dawa ya Samunge, na taarifa za awali zikasema kwamba kwa kiasi kile cha kikombe haina madhara kwa mnywaji. Basi mitaani ikageuka kuwa serikali imethibitisha dawa ya Babu. Imethibitisha nini? Chai ya rangi haina madhara, maji ya madafu hayana madhara, na hakuna anayesema yanatibu saratani. Kutodhuru ni jambo moja, kuponya ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili pana safari ndefu ya vipimo. Ukisikia tangazo lolote la dawa, la mitishamba au la viwandani, linalosema "imethibitishwa", uliza palepale: imethibitishwa nini, na nani, kwa njia gani? Mara nyingi utakuta kilichothibitishwa ni kwamba kampuni imesajiliwa.

Palikuwa na sharti pia. Dawa ilisemekana inafanya kazi kwa mkono wa Babu peke yake, na lazima uinywee kulekule Samunge. Pamoja na hilo watu wakaongeza lao, kwamba asiyepona hakuwa na imani. Sitaki kuingia katika mambo ya imani, si kazi yangu. Naangalia umbo la maneno tu. Kama umepona, ni dawa. Kama hukupona, ni wewe. Kama bado, subiri. Je, kuna tokeo gani hapa linaloweza kuonyesha kwamba dawa haifanyi kazi? Hakuna. Neno ambalo haliwezi kushindwa kwa jambo lolote litakalotokea linaonekana lina nguvu sana, lakini halijakuambia kitu. Ni kama mtabiri wa mpira anayesema, "Kesho timu yetu itashinda, isipokuwa kama haitashinda."

Na hapa wasomi wasianze kujipangusa vumbi mabegani wakidhani haya ni ya watu wa vijijini. Mwaka 1990 huko Nairobi, taasisi kubwa ya utafiti wa tiba ya Kenya ilitangaza dawa iliyoitwa Kemron. Haikuwa mizizi, ilikuwa kitu kinachoitwa interferoni, alichopewa mgonjwa kwa kiasi kidogo sana mdomoni. Taarifa ya watafiti ilisema wagonjwa wa UKIMWI waliopewa walipata nafuu kubwa, dalili zikatoweka, na kwamba wapo hata ambao vipimo vilibadilika. Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliitambulisha kwa taifa. Kumbuka hali ya wakati ule: hapakuwa na tiba ya maana, watu wanazikwa kila siku, na hapa Afrika inasimama na kusema, sisi tumepata. Nani asingefurahi? Wagonjwa walisafiri kwenda Nairobi hata kutoka Marekani. Na aliyetia shaka aliambiwa ni mkoloni mamboleo asiyetaka Mwafrika agundue kitu.

Kasoro ilikuwa ileile ya Samunge, ingawa ilivaa koti jeupe. Wagonjwa walipewa dawa, wakatazamwa. Hapakuwa na kundi jingine la wagonjwa wa hali ileile, lililopewa kidonge kitupu, la kulinganisha nalo. Kwa hiyo fungu la waliopata nafuu lilikuwepo, na mafungu mengine hayakuwepo. Dawa hiyo ilijaribiwa upya sehemu mbalimbali. Jaribio mojawapo lilifanyika Uganda, kwa mamia ya wagonjwa. Waligawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja likapata interferoni, jingine likapata kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hakujua amepewa kipi, na daktari aliyempima hakujua pia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: hapakuwa na faida. Waliopata dawa na waliopata kitu kitupu walikwenda sambamba. Waganda hawa waliopima hawakuwa wakoloni. Walikuwa madaktari wa Kiafrika na wagonjwa wa Kiafrika waliotaka kujua.

Kwa nini mgonjwa asijue, na daktari asijue? Kwa sababu matumaini yana mkono mrefu. Mgonjwa anayejua amepata dawa hula zaidi, hulala vizuri, na akiulizwa maumivu yakoje anatafuta jibu zuri la kumpa daktari aliyemhangaikia. Daktari naye anayejua ampendaye kapewa dawa yake, macho yake huona rangi imerudi usoni. Hakuna aliyenuia kudanganya. Ndiyo maana dawa ya uhakika si kumtafuta mtu mwaminifu zaidi. Ni kupanga jaribio ambalo matumaini ya mtu hayawezi kulipinda.

Mawazo haya si mageni wala si magumu. Mwaka 1747, daktari wa meli wa Kiskoti, James Lind, alikuwa na mabaharia wanaoumwa kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoka damu na mwili kuishiwa nguvu. Kila mtu melini alikuwa na dawa yake anayoiapia. Lind akachukua wagonjwa 12 wenye hali ya kufanana, akawalaza mahali pamoja, chakula kimoja, akawagawa wawili wawili. Wawili wakapewa siki, wawili maji ya bahari, wawili kinywaji cha matofaa, wengine dawa nyingine za wakati ule, na wawili machungwa na malimau. Siku sita baadaye mmoja wa wale wa machungwa alikuwa anafaa kurudi kazini. Mambo ya malimau yakajulikana hivyo. Ingawa, na hili linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja, jeshi la majini la Uingereza lilichukua miaka zaidi ya 40 kabla ya kuwapa mabaharia wake maji ya malimau kwa utaratibu. Wakubwa wa kila nchi ni wazito kusikia.

Sasa najua kuna msomaji amekwisha kasirika: "Huyu anadharau dawa za asili." La hasha. Dawa mseto tunayomeza kwa malaria asili yake ni jani. Mama mmoja mtafiti wa China, Tu Youyou, pamoja na wenzake walipitia vitabu vya kale vya tiba ya Kichina, wakajaribu mimea mingi, na mingi ilishindwa. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga ulionyesha dalili njema, kisha ukaonyesha kushindwa, kisha akagundua katika maandishi ya zamani kwamba ulilowekwa katika maji na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akakisia kwamba moto ndio unaoharibu dawa. Akabadili njia, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wao kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Wazee wa zamani walistahili heshima, na heshima waliyopewa ilikuwa kupimwa. Mti wa mugariga nao hauna kosa. Kuusifu bila kuupima si kuuheshimu.

Yule muuza dawa anayesimama pale Kariakoo na kipaza sauti, mwenye chupa moja inayotibu sukari, presha, mgongo, nguvu za kiume na kufukuza mikosi ya kazini, siku moja nilimsogelea baada ya umati kupungua. Nilimwuliza kwa upole, wamerudi wangapi kukwambia haikuwasaidia? Akafikiri kidogo, bila hasira, akanijibu: "Mzee wangu, wale huwa hawarudi." Nadhani hakujua amenipa nini.

Mwaka 2020 wakati wa korona tuliyaona haya tena, kwa kasi zaidi, maana safari hii ushuhuda ulisafiri kwa simu. Tangawizi, vitunguu, malimau, kujifukiza. Wengi sana waliougua walipona, kwa sababu ugonjwa ule, pamoja na ukatili wake, wengi wanaoupata hupona hata wasipofanya lolote. Basi kila aliyepona alikuwa na sufuria yake ya kuishukuru, na kila sauti iliyorekodiwa ikatumwa kwenye makundi 20. Waliozikwa hawakurekodi sauti.

Nimeulizwa, basi mtu afanye nini akiletewa dawa na ndugu anayempenda? Kukataa kwa kejeli kunavunja undugu bure. Mimi nafanya hivi. Nashukuru kwanza. Kisha nauliza ugonjwa ulipimwa kabla, na ukapimwa tena baadaye, kwa kipimo gani. Nauliza kama aliyepona alikuwa anatumia kitu kingine wakati uleule. Nauliza kama anamfahamu hata mmoja ambaye haikumsaidia. Akisema hakuna kabisa, nazidi kuwa na shaka, maana hata panadoli ina watu ambao haikuwasaidia.

Na kama wewe unatumia dawa za UKIMWI, au insulini, au vidonge vya presha au kifafa, na umeamua kunywa kitu kingine pembeni, usiache zile za kliniki. Nenda na chupa au majani yenyewe, mwonyeshe muuguzi, usifiche, kwa sababu mitishamba mingine hugombana na vidonge ndani ya mwili. Ukisikia umepona, usimwulize jirani, wala usiniulize mimi. Nenda kapime, kisha mwambie daktari asome namba, siyo uso wako.

Msikilizaji wangu wa Temeke ameahidi kunitafutia habari za abiria wale 27. Akizipata, na wahusika wakiridhia, nitazisoma hapa bila kutaja majina, ziwe zinaniunga mkono au zinanipinga. Wiki ijayo nitajibu barua za wale waliouliza kuhusu upatu wa kupanda mbegu na kuvuna mara mbili.